Maziwa Yaliyomwagwa Timimun

Maji hayakutaka kushuka. Wasila alisimama mbele ya beseni la mawe lililokuwa pembeni mwa ua, amejikunyata ndani ya koti la mumewe, akiyatazama maji aliyonawia uso yakituama juu ya tundu kana kwamba kuna kiganja kimeliziba kwa chini. Jana jioni tundu hilohilo lilikuwa likimeza kila lilichopewa, tena kwa sauti. Asubuhi hii lilikuwa kimya. Hakuona ajabu. Wasila alikuwa mtu wa Setif, mji wa milimani kaskazini mwa Aljeria, na mtu wa Setif akikuta maji yamekwama asubuhi ya Desemba hafikirii mchanga wala takataka. Anafikiria barafu. Basi akaingia jikoni, akawasha gesi na kuteleka birika.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo asiye wa Setif asingelifanya. Kila mwanamke wa Aljeria, wa mjini na wa shamba, aliyesoma na asiyesoma, anajua kwamba maji ya moto hayamwagwi hivihivi tunduni. Unataja jina la Mungu kwanza, kwa sauti, unangoja kidogo, ili wale wasioonekana wawavute watoto wao pembeni. Setif nao hufanya hivyo, ila kiangazi tu. Baridi ikishaingia, mabomba yakianza kuganda na kila nyumba ikawa inaamka na birika mkononi, desturi hiyo hulala mpaka Machi. Wanasema majini nao wana akili zao. Wakiona theluji ya kwanza hufunga virago wakahamia Sahara. Ni mzaha wa miaka mingi, na mzaha ukizoeleka watu husahau kuwa ni mzaha. Wasila alikuwa amemwaga mabirika kwa miaka kumi na tano bila kumwonya yeyote. Kwamba safari hii yeye mwenyewe alikuwa amefunga virago akaja hukohuko Sahara, mjini Timimun, hilo halikumpitia akilini.

"Wasila!" Ghania alipaza sauti kutoka chumbani, bado yumo ndani ya blanketi. "Unaamka alfajiri likizoni, unadhani utapewa medali?"

"Nataka kuosha vikombe. Tundu limeganda!"

"Limeganda? Mwenzangu, tumepanda ndege mbili kukikimbia hicho kitu, wewe umekibeba kwenye begi?"

Wasila akacheka, na huku anacheka akainamisha birika.

Kwanza ulipanda mvuke. Kisha, chini ya mvuke, akasikia pumzi. Haikuwa kelele. Ilikuwa ile pumzi ndefu ya mtoto mchanga aliyeumia, anapofungua kinywa wazi akavuta hewa ndani, akaivuta, akaivuta, na mama yake akabaki amekodoa macho akingoja kilio ambacho hakina budi kufuata. Wasila alisimama na birika tupu mkononi, akingoja. Kilio hakikufuata. Maji yakashuka yote kwa mara moja, na tunduni ikapanda harufu ya nywele zilizoungua.

"Paka," akajiambia. Akaosha vikombe harakaharaka, akarudi ndani.

Walikuwa watatu, marafiki tangu bweni la chuo kule Konstantina. Ghania alikuwa mfamasia, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Ndiye aliyeipanga safari, siku nne tu, Jumatatu mpaka Alhamisi, maana Setif ilikuwa na theluji ya magotini na yeye, kwa maneno yake, alikuwa amechoka kuvaa soksi tatu. Hasna alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, mwoga wa kila kitu kuanzia ndege mpaka lifti. Wasila naye alifundisha shule ya msingi, na alikuwa na mtoto wa miezi minane, Anis, ambaye alimwacha kwa mama mkwe wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha. Ghania alimbembeleza mwezi mzima. "Siku nne, dada. Mtoto ana bibi, ana baba, ana chupa. Wewe una nini? Una macho ya mtu aliyetoka vitani." Wasila alikubali kwa sababu ilikuwa kweli.

Alichokisahau ni kwamba matiti hayana likizo. Jana yake, siku ya kufika, yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Jioni akakamua kikombe kizima, akasimama nacho uani akiuliza akiweke wapi. Nyumbani, mama mkwe wake Bi Zulikha alikuwa na desturi ya kuyamwagia maziwa ya namna hiyo kwenye shina la waridi. Maziwa ya mama hayatupwi ovyo, alizoea kusema, yana mwenyewe.

"Mwaga hapo," Ghania alisema akionyesha beseni. "Au unataka tukakutafutie waridi kwenye mchanga saa hizi?"

Basi akayamwaga tunduni, na tundu likayameza.

Siku iliyofuata, ile ya birika, ilikuwa siku ya jua la heri. Walivua makoti, wakatembea kwenye bustani za mitende chini ya mji, wakapiga picha mikono wazi na kuwatumia wenzao waliobaki kwenye baridi. Ghania aliandika chini ya picha yake: *Natafuta kivuli.* Setif nzima ikamtukana kwa upendo.

Lakini harufu iliwafuata. Hasna ndiye aliyeisema wa kwanza.

"Nani kachoma nywele?" Akanusa hewa, akamnusa Wasila begani. "Ni wewe. Inatoka kwako."

"Moshi wa jikoni mwa watu."

"Jikoni kwa nani, Wasila? Tuko katikati ya mitende."

Wasila alikuwa na jambo jingine. Titi la mama humwaga maziwa mtoto anapolia. Huo si ushirikina, Ghania mwenyewe angekuambia. Na Wasila, bila kusikia mtoto yeyote, alijikuta kifua kimelowa. Akabadili blauzi nyuma ya ukuta wa udongo. Baada ya robo saa na ya pili ikalowa. Mwili wake ulikuwa unasikia kilio ambacho masikio yake hayakukisikia, na tangu hapo likizo ikamwisha moyoni, ingawa aliendelea kutabasamu kwenye picha.

"Turudi," alisema mwishowe. "Nataka kujilaza."

Walirudi adhuhuri, saa ambayo Timimun hufunga milango na kulala, na vichochoro huwa vitupu kuliko usiku. Ghania na Hasna walipitiwa mara moja. Wasila alijilaza kwenye godoro lililotandikwa chini, uso ukutani, na ndipo aliposikia sauti uani: pa, ikanyamaza, pa, ikanyamaza. Alikuwa mama wa mtoto wa miezi minane, hakuhitaji kuambiwa hiyo ni sauti ya nini. Ilikuwa sauti ya kiganja kidogo chenye maji kikipiga sakafu, sauti ya mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutambaa na kila hatua anapumzika kwa sababu anaumia. Ilitoka upande wa beseni, ikapita mlango wa jikoni, ikakosea njia ikaelekea stoo, ikarudi, ikaingia chumbani walimolala, ikaja polepole juu ya sakafu ya udongo mpaka nyuma ya mgongo wake, na hapo ikakoma, na harufu ya nywele zilizoungua ikawa nzito kiasi cha kumkaa ulimini, na kitu kidogo, chenye joto la homa, kikaushika upindo wa blauzi yake kikavuta, kikaacha, kikavuta tena, kwa subira, kama anavyovuta mtoto anayejua kwamba mama yake amelala tu na ataamka.

Simu ikalia. Wasila akaruka, akageuka. Hapakuwa na kitu nyuma yake.

Alikuwa Bi Zulikha. "Wasila, mwanangu, usishtuke."

"Kuna nini, Mama?"

"Anis. Tangu alfajiri halii."

"Halii si ndiyo vizuri?"

"Nisikilize. Aliamka akafungua kinywa kama anayetaka kulia, akavuta pumzi, basi, ikaishia hapo. Anafungua kinywa, anavuta, hakitoki kitu. Chupa hataki. Uji hataki. Na begani kwake kumeiva, Wasila. Kumeiva kama aliyeunguzwa. Jana nimemwogesha kwa mikono yangu hii, hakuwa na kitu."

"Mmempeleka hospitali?"

"Mumeo Tawfiq yuko naye huko tangu asubuhi. Daktari anauliza alimwagiwa nini, sisi tunasema hakumwagiwa kitu, yeye anatutazama kama wauaji." Sauti ya bibi ikashuka. "Anazidi kulegea. Rudi, mwanangu."

Wasila alikuwa amekwisha kusimama. "Ilikuwa saa ngapi hiyo alfajiri?"

"Saa kumi na mbili na nusu hivi. Kwa nini?"

Ilikuwa saa ileile aliyoinamisha birika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; Wasila akamtikisa Ghania bega. Ghania aliamka, akasikia habari nusunusu, akaanza kupiga simu kwa sauti ya kazi: ndege. Hakuna ndege mpaka Alhamisi. Gari? Zaidi ya kilomita elfu moja, na juu huko barabara imefungwa kwa theluji. "Utakuwa mzio," Ghania alisema. "Watoto hupata mzio, ngozi inavimba, koo linavimba, wampe tu…" Akaishia hapo, kwa sababu Hasna alikuwa amesimama mlangoni akionyesha sakafu kwa kidole.

Alama zilianzia kwenye beseni na kuishia kwenye godoro la Wasila. Viganja, vidogo kuliko vya Anis, vilivyochorwa kwa maji kwenye udongo mwekundu. Ndani ya kila alama palikuwa na kipande cha utando mweupe, kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Ghania aliinama, akakinyanyua kimoja kwa ncha ya ukucha, akakitazama kwenye mwanga. Mfamasia anaijua ngozi anapoiona. Alikwenda kunawa mikono kwa maji ya chupa, mara tatu.

Hasna, mwoga wa kila kitu, ndiye aliyetoka mbio bila viatu kwenda kumwita mwenye nyumba.

Lalla Mbarka, yaani Bibi Mbarka kwa heshima ya kwao, aliishi nyumba ya pili. Marehemu mumewe alikuwa mpimaji wa maji ya mfereji wa chini kwa chini unaonywesha bustani za mji, na tawi moja la mfereji huo lilipita chini ya nyumba hii. Kwa miaka arobaini yule mzee alishuka mle gizani, na mkewe alishuka naye kumshikia taa. Walio chini aliwajua kama mtu anavyowajua majirani wa ukuta mmoja. Alipofika hakuuliza habari. Aliziangalia alama, akalala kifudifudi uani pamoja na uzee wake, akaweka sikio tunduni.

"Mlimwaga nini humu?"

"Maji, Lalla," Wasila alinong'ona.

"Ya moto?"

Wasila akaitikia kwa kichwa.

"Mlitaja jina?"

"Kwetu… kwetu baridi ikiingia hatutaji. Tunasema wamehama. Tunasema wamekuja huku."

"Wamekuja huku," Lalla Mbarka alirudia, akiinuka taratibu, "na ninyi mkawafuata na birika." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kabla ya maji, mlimwaga nini?"

"Maziwa."

"Ya mbuzi?"

"Yangu."

Yule mama akafumba macho. "Haya. Sikiliza, binti. Mtoto wao aliyaonja. Mtoto ni mtoto, awe wa juu awe wa chini. Usiku akapanda kutafuta mengine, akalala hapo tunduni kinywa kimeelekea juu, akingoja. Ndiye aliyekuzibia maji."

Wasila alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Haikuwa hofu peke yake. Iliingia na aibu, aibu ya mama aliyemuumiza mtoto, na kwa muda hakujua analia kwa ajili ya nani, wa Setif au wa tunduni.

Ghania akajisogeza, akasema kwa sauti ndogo ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake, "Lalla, tusimtafute mtu wa kuja kusoma? Awafukuze?"

"Awafukuze watoke wapi? Hii ni nyumba yao, mimi napangisha juu tu. Na hao ni watu wa kuswali, hawakimbii kisomo. Wangekaa wakaitikia amina." Akamgeukia Wasila. "Mama yake yuko hapa chini. Haombi kisasi, bado. Anasema: wangu hanyonyi tangu alfajiri, na wako hatanyonya. Wangu akipona, wako atapona. Wangu akizima, wako atamfuata."

Simu ya Wasila ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Tawfiq: *Wamemwekea oksijeni. Umwombee.*

"Nifanye nini?" alisema. "Niambie tu. Nitafanya."

"Uliyemwonjesha ndiye utakayemnyonyesha. Mara moja tu, mpaka aachie mwenyewe. Usimtazame. Usimwondoe. Na usimwite. Usimwite jina, usimwite kipenzi, usimwite chochote. Unajua wewe mwenyewe, kwa madhehebu yetu tone moja la maziwa linatosha kufanya udugu. Huyu na mwanao watakuwa ndugu wa kunyonya, hilo halifutiki. Lakini ndugu wanaweza kukaa mbalimbali, kila mtu kwao. Ukimwita, ataona kwako ndiko kwao. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia la mwisho."

"Nisimwite."

Alasiri walifunga mlango wa nje na kuteremsha mapazia. Wasila aliketi chini, Ghania akaketi nyuma yake amempa mgongo wa kuegemea, na Hasna akashika simu, kwa sababu Tawfiq alikuwa ameombwa aiache wazi kando ya kitanda cha mtoto. Kutoka humo zilisikika mashine za hospitali na viatu vya wauguzi. Lalla Mbarka alipiga magoti kwenye beseni akasema maneno machache kwa lugha ya wenyeji, kwa upole, kama anayemwambia jirani kwamba mlango uko wazi.

Pa. Ikanyamaza. Pa.

Safari hii haikukosea njia. Wasila aliinua macho akayakaza kwenye boriti ya mtende darini, akahesabu nyufa zake, na sauti ikaja, ikafika, ikapanda. Akahisi mkono mmoja juu ya goti lake, kisha wa pili, kisha uzito mdogo, mlaini, uliolowa, ukijikokota mapajani mwake ukitafuta pa kushika, na kila ulipomgusa uliacha kitu kilichoganda kwenye nguo, na joto lake lilikuwa joto la mtoto wa homa kali, lile joto ambalo mama hulijua kwa kiganja gizani na kuruka kitandani kabla hajaamka, na mdomo ukatafuta, ukakosa, ukatafuta, ukashika, na mdomo wenyewe ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani ilhali mwili wote ulikuwa unaungua, na ukaanza kunyonya kwa nguvu ya mwenye njaa ya siku nzima huku ukitetemeka, na kila mvuto wa maziwa ulimpita Wasila mpaka kwenye uti wa mgongo, na akataka kupiga kelele, akataka kukitupa kitu kile ukutani na kukimbia uchi mpaka Setif, na mgongo wa Ghania nyuma yake ulikuwa unatetemeka vilevile, na Ghania alikuwa akirudia kwa mnong'ono, "Kaa, dada, kaa, kwa ajili ya Anis kaa," na Wasila akakaa.

Kisha kile kitu kikakwama. Kikaacha kunyonya, kikavuta pumzi ndefu, ileile, kinywa wazi, akakihisi kifua chake kidogo kikijaa na kujaa. Na wakati huohuo, kutoka kwenye simu, Tawfiq akasema kwa sauti iliyopasuka, "Daktari! Daktari, hapumui!"

Wasila hakufikiri. Mkono wake ulishuka wenyewe ukapata mgongo mdogo usio na ngozi, ukaupapasa kama ulivyokuwa ukipapasa mgongo mwingine kwa miezi minane. Akainamisha kichwa. Na akasema kwa sauti ndogo sana, ndogo kiasi kwamba hata Ghania hakuisikia:

"Pole. Lia, mwanangu. Lia."

Kilio kikatoka. Kilitoka chini ya kidevu chake na kutoka kwenye simu kwa pamoja, sauti mbili, kilio cha mtoto mwenye hasira na njaa na uhai wote, na Hasna akaangusha simu, na Tawfiq akawa anacheka na kulia na kumshukuru Mungu, na muuguzi mmoja alisikika akisema, "Tazama bega, tazama bega lake." Uzito ukateremka mapajani. Sakafuni, mbele ya macho yao wote, alama za viganja zikaanza kujichora zenyewe kuelekea kwenye beseni, safi, bila utando wowote.

Lalla Mbarka aliweka sikio tunduni kwa muda mrefu. "Ameshuka," alisema. "Mama yake amempokea." Akaja akamshika Wasila kidevu, akamtazama. "Hukumwita?"

Wasila alikuwa amechoka, alikuwa anatabasamu, na simu ilikuwa inamletea kilio cha mwanawe, sauti nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Hakutaka jambo lolote liiharibu saa ile.

"Hapana, Lalla."

Yule mama alimtazama kidogo zaidi, kisha akakiachia kidevu. "Basi alhamdulillahi," akasema, akaenda zake.

Siku iliyobaki waliimaliza kwenye paa la nyumba, juani, bila kushuka uani ila kwa lazima. Waliagiza maji ya chupa. Harufu ilikuwa imekwisha, kifua hakikulowa tena ovyo, na Anis alikuwa amerudishwa nyumbani akiwa mzima. Alhamisi, ndegeni, Ghania akapata ulimi wake. "Mwakani," alisema akifunga mkanda, "tutakwenda likizo kwa shangazi yangu. Ana jokofu, ana runinga, na hana watu wa chini." Walicheka wote watatu mpaka watu wakageuka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Wasila, akiwa angani kati ya marafiki zake, aliamini kwamba yake yamezoleka.

Setif ilikuwa nyeupe. Aliingia ndani na theluji mabegani, akamnyakua Anis kabla ya kuvua viatu, akamnusa shingo, akamfunua bega. Halikuwa na hata kovu. Tawfiq alitoka kwenda kununua mkate, na nyumbani wakabaki yeye, mtoto, na Bi Zulikha aliyekuwa kwenye kochi akifuma sweta. Wasila akaketi karibu na kipasha joto, akamweka Anis kwenye titi la kushoto. Mtoto alilishika kwa pupa. Mama akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne mabega yake yalilegea.

Ndipo alipohisi la kulia linavutwa.

Hakufumbua macho. Alijua. Mdomo haukuwa baridi tena, ulikuwa umepata joto la nyumba. Ulinyonya polepole, kwa raha, kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa mahali pake. Anis aliachia kidogo, akacheka kuelekea upande ule usio na mtu, akanyoosha mkono wake mnene, na vidole vyake vikafumbata kitu hewani vikakishikilia.

Sindano za Bi Zulikha zilisimama.

"Wasila," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo la kulia unamnyonyesha nani?"

Machozi yakamtiririka Wasila mpaka kidevuni. Akamweleza yote kwa mnong'ono, kikombe cha maziwa, birika, Lalla Mbarka, mapazia, na hakuficha hata lile alilomficha Lalla. Yule bibi alisikiliza bila kumkatiza.

"Ulimwita nani?" aliuliza mwishoni. "Niambie neno lenyewe."

"Nilimwita mwanangu."

Bi Zulikha aliuangalia mlango ambao Tawfiq angeingilia, akamwangalia mjukuu wake aliyenona shavu na kupumua vizuri, akaangalia pale ambapo mjukuu ameshika mkono wa mtu.

"Basi ameitika," alisema, akainua sindano zake akaendelea kufuma.

Wasila alikuwa na aya ulimini, ile isomwayo kujikinga na wasioonekana. Alikuwa nayo yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, alifundishwa akiwa mdogo. Akamtazama Anis. Akaimeza ile aya, akafuta machozi kwa bega, na taratibu akasogeza kiwiko cha kulia ili mwingine naye apate nafasi.